Dondoo muhimu: Sokoine au Dar es Salaam?

Mhitimu wa kidato cha sita wa Tanga, Muheza au Pangani anayesita kati ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichoanzishwa Morogoro mwaka 1984 na chenye hadhi kubwa katika kilimo na misitu, na chuo cha Dar es Salaam kinachomvutia kwa uchangamfu wa jiji, aanze kwa kuchunguza programu, yaani mpangilio wa masomo unaoishia kwenye shahada, kwa kuwa sifa ya chuo haienei sawasawa katika idara zake zote. Anayekusudia kusomea misitu azingatie kwamba Sokoine inamiliki Msitu wa Mazumbai, ulioko Usambara Magharibi ndani ya mkoa wa Tanga anakotoka mhitimu huyo, na faida hiyo, kwa hakika, haifidiwi na pilikapilika za Kariakoo jijini Dar es Salaam. Wa biashara au uandishi wa habari atanufaika zaidi na jiji. Kabla ya kuthibitisha udahili, yaani kukubali rasmi nafasi moja anapochaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja, apige hesabu ya nauli na pango, maana chumba cha nje ya bweni mara nyingi hulipiwa miezi kadhaa kwa mkupuo.