Kamera Chepkitale

SWALI: Naishi Myanga. Nataka kutengeneza filamu kuhusu Waogiek wa Mlima Elgon na ardhi yao. Nianzie wapi?

JIBU: Anzia karibu na nyumbani, mjini Bungoma. Ni mahakama ya ardhi ya huko iliyoamua kesi ya Chepkitale, eneo la Waogiek mlimani, Septemba 2022, na kuwapa Waogiek haki. Eneo hilo lilikuwa limegeuzwa hifadhi ya wanyama mwaka 2000. Soma hukumu kabla hujanunua hata betri.

Kisha panda mlimani bila kamera. Naam, bila kamera! Keti barazani na wazee, ueleze filamu itaonyeshwa wapi na nani atapata nini. Ridhaa ya mzee mmoja si ridhaa ya jamii, na anayekubali leo aweze kukataa kesho. Ukirekodi anayehofia kufurushwa, ficha uso, sauti, na hata mlango wake, maana majirani huutambua.

Kule juu upepo hauna adabu: vika maikrofoni manyoya, la sivyo utarudi na mvumo mtupu. Halafu subiri. Mzee akipanda mtini kukagua mzinga wa gogo, usimkatize kwa maswali. Mikono yake inaeleza umiliki vizuri kuliko msimulizi wako.