Askari Mstaafu Kama Mlezi wa Vijana

Vita vya Kagera vilianza Oktoba 1978, majeshi ya Idi Amin yalipoivamia nchi yetu, vikamalizika Juni 1979. Pamoja na askari wa kudumu walikwenda wanamgambo waliotoka mashambani, na vita vilipokwisha wengi wao walirudi kwenye majembe yao. Aliyekuwa na umri wa miaka 20 wakati ule sasa amepita 65. Jenerali David Musuguri, mzaliwa wa Butiama aliyeongoza Divisheni ya 20 vitani, alifariki mwaka 2024. Muda wa kujifunza kwa wazee hawa unapungua.

Shule nyingi humwalika mzee Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai. Husimulia, hupigiwa makofi, kisha hurudi katika upweke wake. Makala haya yanapendekeza njia nyingine: mzee apewe kazi, na vijana wa kuifanya pamoja naye.

1. Maandalizi. Mwalimu amtembelee mzee nyumbani, aulize anachopenda kufundisha na asilotaka kuulizwa. Wanafunzi waelezwe mapema kwamba swali kama "Uliua wangapi?" haliulizwi.

2. Kazi. Wanafunzi sita hadi wanane wakutane naye mara moja kwa juma, muhula mzima. Ujuzi wa askari si bunduki tu. Shule ya Musoma yaweza kuchora ramani ya ufuko kwa dira na hatua za miguu. Ya Bunda, kujifunza huduma ya kwanza. Ya Butiama, kupanga matembezi ya kwenda Makumbusho ya Mwalimu Nyerere, pamoja na mgao wa maji na chakula.

3. Masimulizi. Yasitangulizwe. Mikono ikiwa kazini, maneno huja yenyewe. Mzee akinyamaza ghafla, asilazimishwe; kazi iendelee.

4. Tathmini. Tarehe zilizokaririwa si kipimo cha kutosha. Mwalimu ajiulize: je, kijana humwamkia mzee huyu njiani? Je, humtembelea muhula ukiisha? Je, mzee huja shuleni bila kuitwa?

Jamii nyingi za Mara ziliishi kwa utaratibu wa rika, na kila rika lilijua nafasi yake. Aliyelilinda taifa ujanani hastahili kukosa nafasi uzeeni. Shule ikimkabidhi vijana, humrudishia wajibu. Na mwenye wajibu kijijini si mgeni tena.