Upweke wa Wazee na Kikombe cha Maji

Mzee aliyeshiba, mwenye nguo safi, kitanda kizuri na dawa zake, aweza kukosa nini tena? Aweza kukosa mtu wa kumngoja. Huo ndio upweke, nao si sawa na kukaa peke yake. Mwindaji hukaa porini siku tatu bila kuona mtu, wala hana upweke, kwani ajua kwamba nyumbani wanamtazamia yeye na nyama yake. Na mzee aweza kukaa katika nyumba ya watu mia, asiwe na hata mmoja wa kuuliza, “Mbona leo hakuja?”

Katika nchi za Ulaya na Marekani wazee wengi hawakai pamoja na watoto wao. Watoto hufanya kazi mbali, nyumba ni ndogo, na mzee akidhoofika huenda akahamia katika nyumba ya wazee. Huko hupata chumba chake, chakula kwa saa yake, na wauguzi wa kumwangalia usiku na mchana. Mtu asiwahukumu upesi watoto hao. Wengine hulipa fedha nyingi, tena huwazuru wazazi wao mara kwa mara. Lakini nyumba hizo zimeonyesha wazi jambo ambalo kijijini halionekani upesi: mtu aweza kutunzwa vizuri sana, na papo hapo akanyauka.

Mwaka 1976 mabibi wawili wenye elimu ya nafsi ya mtu, Ellen Langer na Judith Rodin, walitoa habari ya jambo walilolijaribu katika nyumba moja ya wazee huko Connecticut, Marekani. Walichagua ghorofa mbili za nyumba hiyo, zenye wazee 91 kwa jumla, wa umri wa miaka 65 hadi 90. Mkuu wa nyumba akawakusanya wazee wa ghorofa ya nne, akawaambia kwamba maisha ya humo ni yao: wao wenyewe waamue viti vya chumbani vikae wapi, wamzuru nani, walalamikie nini. Kisha likapitishwa sanduku lenye mimea midogo, ile ya majani ya kupendeza ambayo watu huiweka ndani ya nyumba. Kila mmoja akaulizwa kama autaka mmea au hautaki, na kama autaka, ni upi. Naye atakayeuchukua autunze mwenyewe. Tena kutakuwa na sinema katika siku mbili: mtu achague siku moja, au asiende kabisa.

Wazee wa ghorofa ya pili nao wakaitwa. Maneno waliyoambiwa yalikuwa ya upole vilevile, labda kuzidi yale ya kwanza: watumishi wa nyumba wanaona kuwa ni wajibu wao kuwafurahisha wazee. Wao pia wakapewa mimea, kila mmoja wake. Lakini wakaambiwa kwamba wauguzi ndio watakaoimwagilia maji kwa ajili yao. Siku ya sinema nayo watapangiwa.

Msomaji aangalie vizuri. Nyumba ilikuwa moja, matunzo yalikuwa mamoja, mimea ilikuwa ya namna moja. Wala hakuna aliyetendewa kwa ukali. Tofauti ilikuwa ndogo kama kikombe cha maji, na mkono utakaokishika.

Baada ya majuma matatu wakaulizwa wazee wenyewe, wakaulizwa na wauguzi, ambao hawakuambiwa maana ya jambo lile. Katika ghorofa ya nne, wazee 93 kwa mia walionekana kuwa na hali njema kuliko kwanza. Katika ghorofa ya pili, 71 kwa mia walionekana kuwa wamedhoofika zaidi, na hayo katika majuma matatu tu! Ikawekwa pia chupa kubwa iliyojaa pipi, na wazee wakaalikwa kukisia idadi yake, mwenye kutaka. Wa ghorofa ya nne walikuja 10. Wa ghorofa ya pili alikuja mmoja.

Tena wale waliopewa kazi ndogo walizidi kuwatembelea wenzao na kuzungumza na watumishi. Hakuna aliyewaambia, “Nendeni mkatafute rafiki.” Sababu yake si ngumu kufahamu. Mtu mwenye mmea ana neno la kumwambia jirani: wangu unachipua, wako mbona majani yanageuka rangi? Yule asiye na kazi atasema nini? Atasema habari ya magoti yake yanayouma, leo na kesho, mpaka jirani achoke.

Mwaka 1977 mabibi hao waliandika kwamba, baada ya miezi 18, wazee wa ghorofa ya nne waliokufa walikuwa wachache kuliko wenzao. Watu wengi hupenda kuisimulia habari hiyo mpaka leo. Lakini mwaka 1978 ilitolewa sahihisho la hesabu, ikaonekana kwamba tofauti ile ya vifo haikuwa na nguvu kama ilivyodhaniwa. Basi haifai kufundisha kwamba kumwagilia mmea humzuia mtu asife. Yatosha kwamba kulimfanya atoke chumbani.

Wanaume wazee wana taabu ya pekee, kwani wengi wao hawajazoea kuketi na kusimulia majonzi yao. Huko Australia, katika mji mdogo wa Tongala, banda la wanaume lilifunguliwa mwaka 1998, na leo nchi hiyo ina mabanda ya namna hiyo zaidi ya 1,000. Ndani mna meza za useremala, misumeno na randa. Wazee hutengeneza viti vilivyovunjika na vitu vya kuchezea watoto. Wenyewe husema kwamba mwanamume hazungumzi uso kwa uso, bali bega kwa bega. Mikono ikiwa na kazi, ulimi hufunguka. Mke amekufa, usingizi hauji: maneno hayo hutoka huku mtu anatazama ubao wake.

Nako Uholanzi, mjini Deventer, nyumba moja ya wazee ilianza yapata mwaka 2012 kuwapokea wanafunzi wachache wa vyuo vikuu wakae humo bila kulipa kodi. Sharti lao ni kutoa saa 30 kila mwezi na kuwa majirani wema. Hawafanyi kazi ya uuguzi. Hula pamoja na wazee, huwafundisha kutumia kompyuta, huketi karibu na mgonjwa. Mtu aweza kudhani kwamba hapo vijana tu ndio wanaotoa. Sivyo. Mzee sasa ana kijana wa kumwuliza habari za mtihani wake, wa kumkanya akirudi usiku wa manane, wa kumpa shauri akigombana na mchumba.

Kijijini hakuna ghorofa, lakini kosa la ghorofa ya pili hufanyika huko pia, tena kwa heshima kamili. Mkaza mwana amwona bibi kizee akichambua maharage polepole, akiacha mawe mawili matatu. Amwondolea ungo mikononi na kusema, “Koko, pumzika, nitafanya mimi.” Kesho vilevile. Keshokutwa bibi haulizi tena ungo uko wapi. Aketi mlangoni, akitazama njia. Watu wa nyumba husema amezeeka ghafula. Maharage yenye mawe mawili huchambuliwa mara ya pili kwa muda mfupi sana.

Mwalimu awaulize wanafunzi wake: Katika ghorofa ya pili, ni nani aliyekosa, na alikosa nini, ikiwa wote walikuwa wapole? Kila mmoja amtaje mzee mmoja anayekaa karibu naye. Mzee huyo alikuwa fundi wa nini zamani: mikeka, vikapu, nyavu, hadithi? Ni lini alipoombwa mara ya mwisho kuifanya kazi hiyo, na aliyemwomba ni nani?