Mafuta Safi, Mashine Nzima, Mkono Mzima

Ndugu mfanyakazi, chuma kikisugua chuma, kinapata moto na kulika. Siku hizi mafuta mengine yanatiwa unga wa grafiti, ule weusi wa kalamu ya risasi, uliosagwa mpaka nanometa: milimeta 1 ina nanometa milioni 1. Chembe hizo zinajaza mikwaruzo na kuteleza, msuguano unapungua.

Lakini vumbi la kwarzi, jiwe la dhahabu la Kamituga, ni gumu kuliko chuma cha kawaida. Likiingia katika mafuta, linakula mashine, unga hauliponyi.

Kwa hiyo:
1. Simamisha mashine kabla ya kutia mafuta. Mkono hauna duka.
2. Pangusa mdomo wa kopo, kisha lifunike.
3. Usishike unga mkavu bila kinga ya pua, unaingia mapafuni.
4. Mama, kopo la mafuta lisiwekewe maji ya kunywa.