SOMO: WAYA WA SIMU AU KEBO YA TELEVISHENI?

Baadhi ya washarika wetu wana watoto wanaoishi Marekani. Kijana akipanga nyumba huko huenda akaulizwa: intaneti ije kwa waya wa simu, yaani DSL, au kwa kebo ya televisheni? Wengi hutazama bei tu, kisha hufungwa na mkataba wa mwaka mzima. Tujifunze tofauti.

DSL hupita katika nyaya za shaba za simu. Kila nyumba ina waya wake. Udhaifu wake ni umbali: aina ya ADSL2+ hufikia megabiti 24 kwa sekunde karibu na kituo cha simu, lakini kilomita 5 kutoka hapo husalia kidogo sana.

Kebo ina kasi kubwa zaidi, mara nyingi mamia ya megabiti. Lakini nyumba za mtaa hugawana njia moja, hivyo jioni kasi huweza kushuka.

Kabla ya kutia sahihi, aulize:

1. Kituo cha simu kiko umbali gani?
2. Majirani hupata kasi gani saa 2 usiku?
3. Kasi ya kupeleka ni ngapi? Ikiwa ndogo, wazazi huku wataona sura iliyoganda.
4. Bei ya ofa itapanda lini?

DSL inaondoka: kampuni ya AT&T iliacha kuiuza kwa wateja wapya mwaka 2020. Palipo na mkongo, achague huo, pasipokuwepo, kebo, DSL iwe ya mwisho.