Dawa na Kipimo Chake: Habari za Joseph Bosisto

Wasomaji wetu waujua mkaratusi, mti mrefu wenye majani ya harufu kali, uliopandwa mahali pengi katika nchi zetu. Asili yake ni Australia, na wenyeji wa huko walitumia majani yake kuwa dawa tangu zamani. Mwezi huu twajifunza habari za mgeni aliyeyafanyia kazi mafuta yake.

Joseph Bosisto alizaliwa Uingereza mwaka wa 1824, akajifunza kutengeneza dawa. Mwaka wa 1848 alihamia Adelaide. Dhahabu ilipoonekana Victoria mwaka wa 1851, alikwenda huko pamoja na wengi. Lakini hakudumu machimboni, bali alifungua duka la dawa Richmond, karibu na Melbourne. Akitiwa moyo na Ferdinand von Mueller, Mjerumani mjuzi wa mimea, alianza kukamua mafuta ya mkaratusi. Mvuke hupitishwa katika majani, nao ukipoa hugeuka maji, na mafuta huelea juu yake.

Basi, mafuta hayo yana fundisho. Yakifukizwa kidogo, humsaidia mwenye mafua. Yakinywewa mengi, yaweza kuua. Chupa ni ile ile. Kipimo ndicho kinachotenga dawa na sumu. Je, apimaye ni nani? Siku zile katika Victoria hapakuwa na sheria ya kumzuia asiyejifunza kuuza dawa, wala mgonjwa hakuwa na njia ya kumtambua.

Kwa hiyo mwaka wa 1857 Bosisto na wenzake walianzisha Chama cha Watengeneza Dawa cha Victoria. Lakini chama huonya tu. Kukataza ni kazi ya sheria. Mwaka wa 1874 watu wa Richmond walimchagua aingie Bungeni, na mwaka wa 1876 Bunge lilipitisha sheria kwamba watengeneza dawa wajaribiwe kwa mtihani na majina yao yaandikwe. Mwaka wa 1881 chuo cha kazi hiyo kilianzishwa Melbourne. Bosisto alifariki mwaka wa 1898.

Twaona kwamba hakuyaacha maarifa ya duka alipoingia Bungeni. Aliyejua hatari ya tone moja kuzidi, ndiye aliyefaa kuisemea sheria.

Maswali ya kujifunza:
1. Kwa nini chama peke yake hakikutosha?
2. Mgonjwa asiyejua kusoma hulindwaje na sheria ya namna hii?
3. Kwetu, ni nani apimaye dawa, naye alijifunza wapi?