Pedali ya Breki Ikiwa Nzito

Wanachama, gari la zamani la petroli lenye busta, pedali yake ikiwa nzito, tusilipakie karafuu. Breki zipo, lakini mteremkoni na magunia nguvu za mguu hazitoshi.

Tulisimamishe pahali tambarare, tuzime injini, tukanyage pedali mara tano au sita hata ikaze. Tukiwa bado tumeikanyaga, tuwashe injini. Ikishuka kidogo, busta ni nzima. Fundi atazame magurudumuni, huenda pistoni zimeshika kutu. Isiposhuka, tupapase mpira wa hewa uendao kwenye injini, hasa upande wa chini usioonekana. Vali yake iruhusu hewa kuvutwa kuelekea injini, isirudi. Sisi tuliwahi kununua busta nzima, kumbe mpira umepasuka!

Land Rover za 1948 hazikuwa na busta. Uzito wake ni wa kuzaliwa.